Kupeleleza Yaliyositiriwa

Ndugu zetu Waislamu, katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Mpango huu una hekima. Dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno ya kumvunjia mtu heshima yake. Na katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba za wenzetu ila kwa idhini na salamu.

Leo mtu ana nyumba ya pili, nayo ni simu yake. Humo husoma, huuliza na husikiliza. Je, nyumba hii haina mlango?

Huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, wapelelezi walimshuku mtu mmoja kwa kuuza sarafu ya bitikoini kinyume cha sheria. Wakampelekea filamu za mafunzo zilizokuwa wazi kwa kila mtu katika YouTube, kisha wakapata amri ya mahakama kuitaka kampuni ya Google itoe majina, anwani, nambari za simu na nyendo za kila aliyezitazama baina ya tarehe 1 na 8 Januari 2023. Filamu hizo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara 30,000. Amri ilikuwa ya siri, na khabari yake ilienea Machi 2024 ilipochapishwa na jarida la Forbes. Tazameni basi: anatafutwa mmoja, wanaandikwa maelfu!

Atasema msemaji: serikali isiwakamate wahalifu? La, ni wajibu wake, wala Uislamu haukuja kumhifadhi mwizi. Lakini sheria huanza na dai juu ya mtu maalumu, na mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Aliyetazama somo ana dai gani juu yake?

Na mwingine atasema: mimi sina la kuficha. Ewe ndugu, mwenye kuvuta pazia la dirisha lake, je, ana mali ya wizi ndani? Sitara ni heshima, si dalili ya uovu. Tena kijana akijua kwamba kila darsa asikilizalo laandikwa, ataogopa kuuliza. Na mwenye kuogopa kuuliza hubaki na ujinga wake, au huuliza gizani kwa mtu asiyefaa.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, nawe umekosa matatu, umepeleleza, umepita pasipo mlango, wala hukutaka idhini. Khalifa akaikubali hoja, akamwacha.

Nasi Kenya tunacho Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, na Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu. Yatupasa tuzijue na tuzidai kwa adabu na kwa njia ya sheria, kwani haki asiyoijua mwenyewe huliwa mchana.

Lakini tusiilaumu dola peke yake, ilhali sisi twafungua simu za wake zetu na za jirani, na twapelekeana picha za aibu za watu. Anayetaka asitirike, na asitiri.

Wabillahi tawfiq.