Kumwamini Mungu si Kunyamaza

Hapa Nyarugusu tumezoea kumwambia mtu mwenye shida: "Vumilia tu, Mungu anakukomaza." Akilalamika, tunasema imani yake ni ndogo. Mimi ninayekaa na vijana kila siku najiuliza: neno hilo linamsaidia nani?

Kambi hii ilifunguliwa 1996. Wengi tumezaliwa humu, tumesoma humu, tunangoja humu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, kesi za vijana wengi zilikwama njiani. Kumwambia kijana kama huyo kwamba Mungu ndiye aliyefunga mlango ili amfundishe, ni kumsingizia Mungu mambo yaliyofanywa na watu.

Tumwangalie Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu wote tunamjua. Katika Biblia, rafiki zake walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake, ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema Ayubu, yule mlalamikaji, ndiye aliyesema vizuri.

Mimi naona hivi: maumivu peke yake hayamkuzi mtu, yanaweza hata kumvunja. Kinachomkuza ni kuendelea kusema na Mungu, hata kwa kulia na kuuliza, na kupata mtu wa kukaa naye.

Ndugu msomaji, uwe mkimbizi au mfanyakazi wa shirika, ukimkuta kijana wa namna hiyo usianze na maelezo. Kaa naye chini kwanza.