Mwenye Sikio Ni Nani?

"Mwanangu, mwenye sikio ni mimi au ni wewe?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja muuza maandazi, pale Tanga, nilipokuwa afisa tabibu kijana. Aliuliza kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Alikuwa amerudi mara ya tatu. Mara mbili za kwanza nilimwandikia dawa ya matone bila kumwangalia. Alipotamka "sikio la kushoto" tu, kalamu yangu ilishafika nusu ya cheti. Nyumbani nako lilishatiwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, na mganga wa kienyeji alishamwambia amtazame jirani wa ukuta mmoja, kwamba ndiye mbaya wake.

Siku hiyo ndipo nilipochukua otoskopu nikachungulia. Ngoma ya sikio ilikuwa kijivu kama lulu, inameremeta. Nikalivuta sikio, nikabonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu, ambacho mwenye uvimbe wa njia ya nje hakubali kiguswe. Hakushtuka. Nikamwambia, "Mama, sikio lako ni zima." Swali lake likafuata.

Nilisema kweli, lakini yeye alisikia nimemwita mwongo. Nikachukua kijiti cha kukandamizia ulimi, nikamgonga gego la mwisho la chini, upande uleule. Aliruka, akanikamata mkono. Kucha zake niliondoka nazo.

Kwamba anaumwa, hapo hakuna wa kumpinga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na otoskopu haijalala kitanda cha mtu. Lakini kwamba anaumwa *sikioni*? Hilo ni dai jingine, na mwenye mwili anaweza kulikosea. Mfaransa Descartes, katika kitabu chake cha 1644, alisimulia habari za msichana aliyekuwa akifungwa kitambaa machoni kila tabibu alipokuja. Mkono ulikuwa umeoza, ukakatwa hadi kiwiko bila yeye kujua, naye akaendelea kulalamikia vidole: mara hiki, mara kile. Hakuwa akidanganya. Vidole ndivyo vilivyokuwa havipo.

Na sikio hukosewa vivyo hivyo. Katika neva za kichwa, ya tano inahudumia taya na meno, ikagusa na sikio. Ya tisa inatoka kooni, nayo hufika sikioni. Ya kumi ina tawi sikioni na inashuka mpaka kifuani na tumboni, ndiyo maana wengine wakichokonoa sikio hukohoa. Zote zinabisha mlango mmoja, na ubongo husikia hodi bila kumwona mgeni. Mtu mzima, hasa mvuta sigara, akiniambia sikio linamuuma wiki ya nne na ndani ni safi, namtaka achunguzwe koo upesi. Saratani ya huko huweza kuanza kusikika sikioni.

Kinachonisumbua hadi leo ni jinsi mimi na yule mganga tulivyofanana. Yeye alisikia kilio akatafuta mtu; mimi nilisikia kilio nikatafuta chupa. Wote wawili tulikimbilia panapolia. Nilipenda kujiona nimesimama upande wa elimu, naye upande wa giza, lakini kwa zile ziara mbili za kwanza sioni tofauti, ila yeye alitoza zaidi.

Wala simcheki anayeuliza "kwa nini mimi?" Gego bovu linaeleza sikio, halielezi kwa nini yeye, mwezi ule wa ada za watoto, na si mwenzake anayekula sukari ileile. Swali hilo mimi namwachia Mungu, na nadhani ni mahali pake. Ubaya unaanza tusipovumilia kuliacha huko, tukashuka nalo mpaka uani kwa jirani.

Jino liling'olewa. Baada ya wiki mbili mama alinipitishia maandazi, yamefungwa kwenye gazeti. Nikamuuliza sikio. Kimya kabisa, akasema, Alhamdulillahi. Nikamuuliza na habari za jirani.

Akafunga kanga yake vizuri. "Huyo, mwanangu, bado natafuta pa kuanzia."