Mfumo Unakataa

Ukisimama mbele ya dirisha la ofisi yoyote siku hizi, hukawii kulisikia jibu hili: "Mfumo unakataa." Karani hulisema kwa upole, pengine na kioo cha kompyuta akakugeuzia ujionee mwenyewe. Aliyekataa hasa hayupo. Hana jina wala cheo, na mlango wake haujulikani ukaubishe.

Tumezoea kuuita mfumo wa taarifa chombo, kana kwamba hauna msimamo wowote. Lakini aliyeuunda aliamua mambo mengi kabla sisi hatujafika: kwamba kila mtu ana majina matatu, kwamba mtoto ana baba anayejulikana, kwamba hela isiyoonekana kwenye hesabu imeliwa na mtu. Hayo ni maoni. Yakishaingizwa kwenye programu, hakuna anayeyaita maoni tena.

Claudio Ciborra, msomi wa Kiitaliano aliyefundisha London School of Economics na kufariki mwaka 2005, hakuamini ile michoro ya wataalamu inayoonyesha taasisi ikibadilika hatua kwa hatua kama ilivyopangwa. Katika kitabu chake The Labyrinths of Information, kilichotoka mwaka 2002, alitaka teknolojia mpya ichukuliwe kama mgeni aliyebisha hodi. Wenyeji humpisha na kubadili taratibu zao kidogo. Mgeni naye hujifunza desturi za nyumba. Akaonya pia kwamba mgeni anaweza kugeuka adui.

Mgeni aliyejifunza desturi tunaye hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 kampuni za simu za Vodafone na Safaricom, kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza majaribio nchini Kenya na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa mteja apokee mkopo na kuurejesha kwa simu. Wateja wakafanya yao. Walitumiana hela wao kwa wao, wakalipiana madeni, na wengine waliweka hela kwa wakala kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Kwa mchoro wa awali, huko kulikuwa kupotoka. Waundaji wakatazama, wakauacha mchoro, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Kisa hiki husimuliwa kama ushujaa wa wavumbuzi. Mimi naona zaidi usikivu wao, na naona pia walichokikosa mwanzoni. Mikopo ya vikundi husimama juu ya mkutano. Pale mtu hulipa mbele ya wenzake waliomdhamini. Aibu na kusaidiana ndiyo dhamana yenyewe. Ukiyahamishia malipo kwenye simu, hesabu itafunga vizuri sana, na mkutano utabaki bila sababu ya kuitishwa. Mfumo huhesabu shilingi. Jicho la jirani hauna pa kuliandika.

Uingereza ilimpata mgeni wa aina ya pili, yule anayegeuka adui. Kuanzia mwaka 1999, shirika la posta liliwafungia wakuu wa vituo vyake vidogo mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyomilikiwa na Fujitsu. Jo Hamilton, mwenye duka na posta katika kijiji kimoja cha Hampshire, aliona upungufu wa takriban pauni 2,000. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo, na upungufu ukawa maradufu pale pale machoni pake. Mkataba ulimtaka afidie. Baadaye alikiri mahakamani kosa la kughushi hesabu; hukumu hiyo ilifutwa mwaka 2021. Wenzake zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla. Sheria ya Uingereza ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Muuza stempu wa kijijini angethibitishaje?

Kwa hiyo huko Kenya hitilafu kati ya mfumo na watu ilisomwa kama habari, na huko Uingereza ikasomwa kama wizi. Ubora wa programu peke yake hauielezi tofauti hiyo, maana hakuna programu isiyo na kasoro. Suala ni nani katika taasisi anaruhusiwa kuwa sahihi pale maneno yake yanapopingana na kioo.

Najua pingamizi. Mkimruhusu kila karani kurekebisha takwimu, mtaibiwa. Stakabadhi za vitabu zilichezewa miaka mingi, na sitamani tuzirudie. Ila kuruhusu marekebisho yenye jina la mrekebishaji na sababu yake si kufungua ghala. Anayenyimwa njia ya wazi ya kusema "hapa pamekosewa" hutafuta ya uani: hujaza namba ya simu ya uongo ili fomu ipite, hubuni tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa asiyeijua, na makao makuu hupokea taarifa zilizonyooka ambazo si za kweli.

Basi ninyi mnaotia saini mikataba ya mifumo, ongezeni kifungu kimoja kabla ya malipo ya mwisho: kitaje ni ofisa gani, katika kituo kilekile chenye dirisha, mwenye mamlaka ya kuandika kwamba mfumo umekosea, na ni ndani ya siku ngapi lazima ajibiwe.