Uasi wa Kora na Madai ya Binti Watano



Twasoma katika Taurati, Kitabu cha Hesabu mlango wa 16, kwamba Kora, pamoja na Dathani, Abiramu, Oni na wakuu 250 wenye sifa katika Bani Israili, waliinuka kumpinga Nabii Musa a.s. na nduguye Haruni a.s. Watu hawa hawakuja na sanamu, wala hawakumkana Mungu. Walisema kwamba kusanyiko lote ni takatifu na Mungu yu kati yao. Kwa nini basi hao wawili wajikweze juu ya wenzao?

Yafaa msomaji atulie hapa kidogo, maana maneno yale si ya uongo. Chini ya mlima Sinai Mwenyezi Mungu alikuwa amekwisha waahidi Bani Israili kwamba wakishika agano Lake watakuwa taifa takatifu. Kora alichukua neno la kweli akalitumia kwa haja yake.

Na haja yake ilikuwa nini? Rashi, mfasiri mashuhuri wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anaeleza kwa kufuata mapokezi ya waliomtangulia. Kohathi, babu yao, alikuwa na wana wanne: Amramu, Ishari, Hebroni na Uzieli. Musa na Haruni walikuwa wana wa Amramu, mkubwa wao. Kora, mwana wa Ishari, wa pili, alitazamia kwamba ukuu wa ukoo wa Kohathi utamwangukia yeye. Lakini akapewa Elisafani, mwana wa Uzieli aliye mdogo wa wote. Basi mtu huyu aliyehubiri utakatifu wa watu wote alikuwa moyoni anahesabu cheo alichokikosa! Wala hakuwa mnyonge. Ukoo wake ndio uliochukua mabegani vyombo vitakatifu vya hema, na wazee wa Kiyahudi husimulia kwamba funguo tu za hazina zake zilikuwa mzigo wa nyumbu weupe 300. Nasi Waislamu twamjua kwa jina la Karuni katika Sura Al-Qasas, ambamo funguo zake ziliwalemea watu wenye nguvu.

Dathani na Abiramu walipoitwa na Musa walikataa kwenda. Wakiwa hemani mwao walituma jibu kwamba Misri, nchi ile ile ya utumwa na fimbo za wasimamizi, ndiyo iliyojaa maziwa na asali. Kinyongo kikimtawala mtu humgeuzia hata kumbukumbu zake.

Ardhi ikapasuka ikawameza, na moto ukawateketeza wale 250. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini kesho yake asubuhi umma ulinung'unika tena, ukimlaumu Musa kwa vifo hivyo, na pigo likaua 14,700. Wako waulizao leo, wanaotafuta dini, kwa nini Mungu haonyeshi ishara ya kutisha ili watu wote waamini. Hao waliiona, wala haikuwatosha hata siku moja. Baadaye ziliwekwa fimbo 12 mbele ya Mungu usiku kucha, na ile ya Haruni ikachipua, ikatoa maua na kuzaa lozi.

Je, maana yake ni kwamba muumini anyamaze tu, hata aonapo jambo haliendi sawa? Swali hili huwasumbua sana ndugu walioingia dini karibuni. Mtu ameacha jamaa zake kwa ajili ya imani, kisha anaona mzee wa msikiti ameamua shauri kwa upendeleo, au hesabu ya michango haikusomwa. Afanye nini?

Taurati yenyewe inamjibu, katika mlango wa 27 wa kitabu kile kile. Binti watano wa Selofehadi, ambao majina yao ni Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walifika mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na kusanyiko lote. Walisema wazi kwamba baba yao amekufa bila mwana wa kiume, na kwamba hakuwa katika kundi la Kora. Kwa nini basi jina lake lifutike? Wapeni urithi. Musa hakuwakemea, wala hakujibu kwa akili yake mwenyewe. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu. Na Mungu akajibu kwamba wamesema haki, ikawa sheria kwa Israili wote.

Tazama tofauti. Dathani aliitwa akakataa kwenda. Hawa walikwenda bila kuitwa. Yeye alitamani Misri. Hawa waliomba fungu katika nchi ambayo bado haijatekwa, maana waliiamini ahadi. Huyo mzee wa msikiti ana mlango, na juu yake wapo wakubwa wenye milango pia. Mwenye dai la haki na aende huko, alitaje jambo lenyewe mbele ya mwenye kuhusika, kabla hajalipeleka barazani jioni kwa watu wasioweza kulitengeneza.

Na Oni je? Anatajwa mwanzoni, kisha hasikiki tena. Talmudi yasema mkewe ndiye aliyemwokoa. Alimwuliza: akishinda Musa, wewe ni mfuasi, akishinda Kora, wewe ni mfuasi vile vile, wapata faida gani? Kisha akamlaza kwa mvinyo (habari hiyo ya mvinyo tuwaachie wenyewe), akaketi mlangoni nywele wazi, na waliokuja kumchukua mumewe wakaona haya wakarudi.

Wale binti watano walilazimika kungoja. Musa alifariki kabla hawajapata kitu. Walikwenda tena mbele ya Yoshua na kuhani Eleazari, wakawakumbusha amri ile, nao wakapewa urithi wao kati ya ndugu za baba yao.