Kihamba na Udhamini wa Ardhi

Kwa Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro, ardhi haikuwa na hadhi moja. Kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, ambamo migomba na mibuni huota chini ya miti mirefu ya kivuli na kunyweshwa kwa mifongo, mifereji ya jadi iletayo maji kutoka mlimani, kilirithiwa kizazi hata kizazi, na kwa desturi hakikuuzwa nje ya ukoo, kwa kuwa humo ndimo walimozikwa wazee. Mashamba ya tambarare, ambayo zamani mangi, yaani mtawala, aliyagawa kwa msimu ili watu walime nafaka, hayakuwa na kaburi wala mrithi. Na mkulima yule yule aliyekirutubisha kihamba chake kwa samadi hakuona sababu ya kuotesha mti huko chini. Mvua na udongo vilichangia tofauti hiyo, lakini haviielezi yote.

Kilichokilinda kihamba ni udhamini, yaani imani kwamba aliye hai ameshika mali ya waliomtangulia na ya watakaozaliwa. Ndiyo maana mpaka wake hupandwa masale, mmea ambao jani lake hubebwa pia na mtu anayekwenda kuomba msamaha, kana kwamba kumwonea jirani kwa hatua moja ya ardhi ni kosa la namna ile ile na kuvunja amani. Ukristo ulipoingia haukuukuta udhamini huo kuwa mgeni, kwani katika Mwanzo mtu huwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo humtaja Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote ya umma, ingawa mdhamini huyo yuko mbali, na kaburi liko mlangoni.

Hata hivyo, desturi hiyo iliwahesabu wafu na wasiozaliwa, ikawaacha mabinti. Hoja kwamba binti akirithi ardhi itatoka katika ukoo ni dhaifu, na inaumiza, kwa sababu wana wa kiume nao wamekigawa kihamba vipande vipande hadi kisitoshe kulisha nyumba moja, ilhali mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare, ambayo huchangia samadi ile, umepandishwa mlimani kwa vichwa vya wanawake.