MAJI YA PAA LANGU, UKUTA WA JIRANI

Hakuna mkaguzi aikaguaye Unguja kama masika. Tangu Machi hata Mei mvua hugonga kila paa la Mji Mkongwe, na palipo na mlizamu ulioliwa na kutu, maji huiacha njia yake yakatambaa ukutani. Kubadili mlizamu ni kazi ya ngazi, bati na misumari. Waweza kusema haistahili kuandikwa gazetini. Lakini ndani yake limo swali zito la maadili: Je, mtu aweza kumkosea mwenzake pasipo kutenda neno lolote?

Tuzitazame kwanza nyumba zenyewe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Nyumba ya namna hii huishi miaka mia na zaidi, maadamu maji hayaiingii. Mlizamu ukitoboka, au ukizibwa na majani, ukuta hulowa, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti huoza gizani pasipo mtu kuviona. Wako wapakao saruji juu ya ukuta uliolowa wakidhani wameutibu, kumbe wameyafungia maradhi ndani. Kwa maana chokaa huuacha ukuta upumue, na saruji huuziba pumzi. Siku nyumba inapoanguka watu husema imeanguka ghafula. La hasha! Ilianza kuanguka siku ile maji yalipopata njia ya kuingia.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ilhali inatengenezwa, na watu wawili wakafa. Hatusemi kwamba mlizamu ndio uliowaua, wala si kazi yetu kumhukumu mtu. Twakumbusha tu ya kuwa mawe ya zamani yakianguka hayaiangukii historia peke yake, huwaangukia watu. Dunia iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wake mwaka 2000. Lakini kabla ya kuwa urithi wa dunia, ni mahali ambapo watoto hulala usiku.

Sasa, mlizamu ni wa nani? Hapo ndipo ugumu ulipo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, na jamaa kadha wa kadha wakakaa katika nyumba moja. Nyingine ni za wakfu. Nyingine zimerithiwa na ndugu wengi, hawa wako Unguja, hawa Oman, hawa Uingereza. Mpangaji wa chini husema: Mlizamu uko juu, haunihusu. Wa juu husema: Mimi ni mpangaji tu. Mwenye nyumba husema: Kodi haitoshi hata kununua bati. Tena angalia, msomaji mpendwa, kwamba kila mmoja asema kweli! Hakuna mwongo hata mmoja kati yao, na huku maji yashuka. Hivyo kweli nyingi ndogo zaweza kukusanyika zikazaa dhuluma moja kubwa.

Wahenga hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Sheria ya Warumi wa kale iliyahesabu matone ya paa kuwa jambo la haki baina ya jirani na jirani. Torati humwamuru ajengaye nyumba azungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikadaiwa nyumba ile. Na Waislamu husimulia kwamba Khalifa Umar, akienda msikitini, alitonewa na maji yenye damu kutoka mlizamu wa Abbas, ami yake Mtume, akaamuru uondolewe. Abbas alipomwambia kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka, Umar alimtaka apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Katika kisa hiki mna mafundisho mawili. La kwanza, apitaye njiani ana haki juu ya mlizamu wa mtu. La pili, mwenye mamlaka hakutosheka kuamuru uondolewe. Aliinamisha mgongo ili urudishwe.

Basi yatupasa kusema wazi: wajibu haufuati milki peke yake, hufuata pia uwezo na ujuzi. Aliye mwenye nyumba, awe mtu, wakfu au Serikali, huyo ndiye adaiwaye bati na mshahara wa fundi. Hana ruhusa ya kupokea kodi ya chumba na kulikana paa. Lakini akaaye ndani, ambaye kila mvua huliona doa likipanuka ukutani, yeye adaiwa ulimi wake: aseme, aandike, arudie. Na kijana mwenye ngazi adaiwa robo saa ya kuondoa majani kabla ya masika.

Mtu atauliza: Na maskini je? Hakika hakuna afungwaye na jambo asiloliweza. Mjane asiye na fedha hana hatia kwa mlizamu asioweza kuununua. Lakini udhuru wake haulifuti deni. Walihamishia kwa wenye nacho walio karibu naye. Jamaa watano wa nyumba moja wakichanga, mzigo uliomshinda mmoja huwa mwepesi. Na asemaye “sina” ajiulize kama hana kweli, au angojea jirani aanze.

Methali yetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya hekima, lakini yamwonya mtu juu ya hasara yake mwenyewe. Katika vichochoro vyetu, ambamo nyumba zimeegemeana na watu hupita chini ya kuta usiku na mchana, asiyeziba ufa mara nyingi siye atakayeujenga ukuta, wala siye utakayemwangukia. Hiyo ndiyo sababu jambo hili si la busara tu, ni la haki. Mvua haina dhambi. Swali ni letu sisi tunaoisikia ikidondoka ukutani, kisha tukageuka upande wa pili tukalala.