Malaika wa Arshi na Masihi: Elimu ya Siri ya Mayahudi na Mafundisho ya Manasara wa Mwanzo

  

Ndugu zangu Waislamu, katika majadiliano yapitayo baina yetu na Manasara, barazani na viwanjani, iko hoja moja ambayo wasemaji wetu waipenda mno. Husema kwamba Nabii Isa (A.S.) alikuja na tauhidi tupu, khalafu akaja Paulo akachukua masanamu ya Wayunani na Warumi, akayavika jina la Masihi, na dini ikageuka. Wasikilizaji hupiga takbiri wakaenda zao wakiwa radhi. Lakini hoja hii haisimami mbele ya padri aliyesoma. Atauliza swali moja tu: Paulo alikuwa nani? Naye kwa maneno yake mwenyewe, katika barua yake kwa Wafilipi, alikuwa Myahudi mwana wa Mayahudi, wa madhehebu ya Mafarisayo. Mtu wa namna hiyo aliyachukia masanamu kama tuyachukiavyo sisi. Itakuwaje basi aende kuokota dini katika nyumba ya masanamu?

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora, na haiwi bora hoja isiyokuwa kweli. Yapasa tuitafute asili ya jambo hili pale ilipo, nayo imo ndani ya nyumba ya Mayahudi wenyewe, katika elimu yao ya siri.

Kabla ya hayo, nitanabahishe kosa la watu wa upande wa pili. Wako wasemao kwamba Nabii Isa alikuwa mwanachuoni wa Kabala. Hili haliwezekani kwa hesabu ya miaka. Kabala ilidhihiri kusini ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, na Zohari, kitabu chake kikubwa, kilitokea Hispania baada ya mwaka 1280 mikononi mwa Moses de León, aliyekufa mwaka 1305. Na waliokuja kuinasibisha Kabala na Ukristo ni watu kama Pico della Mirandola wa Italia, ambaye mwaka 1486 alidai kuwa Kabala yathibitisha uungu wa Masihi. Hayo ni mambo ya baadaye mno. Elimu tunayoitaka sisi ni ya zamani kuliko hiyo.

Asili yake ni ruya ya Hizkili, mmoja katika mateka waliochukuliwa Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, miaka karibu 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kitabu chake chaeleza kwamba aliona kando ya mto viumbe wanne, kila mmoja ana nyuso nne, ya mtu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai. Na magurudumu ndani ya magurudumu. Na juu yao mfano wa arshi, na juu ya arshi mfano wa umbo kama la mwanadamu. Mayahudi waliyaita haya Merkava, yaani gari. Neno hili ni ndugu wa neno la Kiarabu "markab", ambalo sisi watu wa pwani twalijua kwa jina la merikebu. Yote yatokana na kupanda chombo.

Wanavyuoni wao waliiogopa ruya hii. Katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200, imekatazwa kuisomesha hata kwa mwanafunzi mmoja, illa awe ni mtu mwenye hekima afahamuye kwa nafsi yake. Sababu ya khofu hiyo ni lile umbo lililo juu ya arshi. Ni nani huyo? Nabii Danieli naye asimuliwa kuona mmoja mfano wa mwana wa Adamu akija na mawingu, akapewa ufalme. Ni nani huyu naye?

Jawabu moja lilitolewa katika Kitabu cha Henoko, ambaye wengi wa wafasiri wetu wasema ndiye Nabii Idris (A.S.), aliyetajwa katika Qur'ani kuwa aliinuliwa mahali pa juu. Kitabu hiki kilihifadhiwa kwa ukamilifu na Kanisa la Habeshi peke yake, kwa lugha ya Kigeezi, mpaka James Bruce, msafiri wa Kiskoti, akarudi Ulaya na nakala zake mwaka 1773. Vipande vyake vya Kiaramu vikaonekana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari Mfu, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947. Katika sehemu yake moja ametajwa Mwana wa Adamu aketiye juu ya arshi ya utukufu kuwahukumu wafalme. Na mwishoni Henoko mwenyewe aambiwa kuwa yeye ndiye. Sehemu hiyo haikuonekana Qumran, lakini wengi wa wachunguzi wa leo waiweka karibu na zama za Nabii Isa. Kitabu kingine kilichokuja baadaye chazidi hapo: Henoko ageuka malaika mkubwa, Metatron, avikwa taji, na aitwa kwa Jina la Mwenyezi Mungu, "dogo". Tazama, ndugu yangu, mja mwema anavyopandishwa daraja baada ya daraja mpaka anachukua jina la Mola wake.

Mayahudi nao waliiona khatari hii. Talmudi ya Babeli yasimulia kisa cha wanavyuoni wanne walioingia Pardes, yaani bustani. Ben Azzai alitazama akafa. Ben Zoma alitazama akaharibikiwa na akili. Wa tatu, Elisha ben Abuya, alikata miche. Akiva peke yake alitoka salama. Huyu wa tatu walimwita Aher, sawa na neno la Kiarabu "aakhar", yaani yule mwingine, kwa kuwa hawakutaka tena kulitaja jina lake. Na makosa yake yalikuwa nini? Alimwona Metatron ameketi akiandika mema ya Wana wa Israili, akasema: huenda mbinguni ziko enzi mbili! Papo hapo Metatron akatolewa akapigwa mapigo 60 ya moto, ijulikane kuwa yeye ni mtumwa kama watumwa wengine. Kisa hiki sisi hatukisadiki wala hatukikadhibishi, kama tulivyofundishwa na Bwana Mtume (S.A.W.) katika khabari za Watu wa Kitabu, lakini makusudio yake ni wazi. Walijenga ua. Kadhalika imo katika Talmudi hiyo khabari ya mzushi aliyemwambia Rav Idit kuwa, ikiwa malaika huyo amebeba Jina la Mungu, basi naye aabudiwe. Rav Idit akamjibu kwa kukataa kata kata.

Sasa turudi kwa Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, iliyoandikwa karibu na mwaka 55, ataja mtu aliyenyakuliwa hata mbingu ya tatu, akaingia Paradiso, akasikia maneno yasiyojuzu kutamkwa. Na wafasiri wa Kinasara wakubali kuwa asema nafsi yake. Neno hilo Paradiso ndilo Pardes lile lile, nalo ndilo Firdausi yetu. Yote yametoka kwa Waajemi. Huyu basi si mwanafunzi wa masanamu ya Roma. Ni Myahudi aliyepita njia ya watu wa Merkava, na huko juu, kwa dai lake, alipata khabari za Masihi.

Na si yeye peke yake. Barua ya Yuda, iliyomo ndani ya Injili yao ya leo, yamtaja Henoko na kutoa ushahidi katika kitabu chake. Barua kwa Waebrania yamtaja Melkizedeki kuwa hana baba wala mama. Na waraka uliotoka katika pango la 11 la Qumran, lililogunduliwa mwaka 1956, wamfanya Melkizedeki huyo hakimu wa mbinguni. Na Yohana, katika Ufunuo, auona arshi na viumbe wanne walewale wa Hizkili, nyuso zao simba, ng'ombe, mtu na tai.

Hapa kwenye Ufunuo yatupasa tusimame kidogo, maana ndipo penye fundo. Yohana asema kwamba alianguka miguuni pa malaika ili amsujudie. Malaika akamkataza, akamwambia kuwa yeye ni mtumwa mwenziwe, na kwamba amsujudie Mungu. Jambo hili latokea mara mbili katika kitabu kimoja. Ni ua ule ule wa Mayahudi, na Manasara wa mwanzo waliulinda. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho, mbele ya arshi hiyo hiyo, Mwana-Kondoo, yaani Masihi, asujudiwa na wote walioko. Malaika wamezuiwa nje ya ua, na Isa bin Maryam, mja wa Mungu, amepitishwa juu yake.

Wachunguzi wa zama hizi wameyafikia haya kwa njia zao. Alan Segal, aliyekuwa Myahudi, alitunga mwaka 1977 kitabu kizima juu ya uzushi wa enzi mbili. Larry Hurtado, Mnasara aliyesomesha Edinburgh, alieleza mwaka 1988 kwamba Mayahudi walikuwa na maneno makubwa juu ya malaika na manabii, na lililozuka jipya kwa Manasara ni kumwabudu mmoja wao pamoja na Mungu. Hurtado aliliona jambo hilo kuwa ni uzuri wa dini yake. Sisi twaliona kuwa ndipo mguu ulipoteleza. Lakini juu ya mahali lilipotokea hatuna ugomvi naye.

Ndipo nilipouelewa utamu wa mpango wa aya mbili za Suratun Nisaa. Katika aya ya 171 Watu wa Kitabu wakatazwa kupindukia mipaka katika dini yao, na Masihi atajwa kuwa ni Mtume. Na mara, katika aya ya 172, yaja kwamba Masihi hataona unyonge kuwa mja wa Mwenyezi Mungu, wala malaika waliokaribishwa. Wanavyuoni wa tafsiri wamesema sana juu ya kutajwa malaika hapo. Zamakhshari, aliyekuwa Muutazila, alitoa katika aya hii hoja ya kuwa malaika ni bora kuliko manabii. Wengine wakamjibu kuwa aya yawarudi kwa pamoja wenye kumwabudu Masihi na wenye kuwaabudu malaika. Mimi naona jawabu hili la pili ndilo lenye nguvu, na khabari tulizozieleza zalizidishia nuru. Malaika waliokaribishwa ndio walio karibu na Arshi. Katika nyumba walimotoka Manasara, mazungumzo juu ya Masihi na mazungumzo juu ya malaika wa Arshi yalikuwa ni mazungumzo mamoja. Qur'ani imewataja wote wawili pahala pamoja, ikawarudisha wote wawili katika safu ya waja.